Dhiraa ya Mbingu: Tarehe ya Nyota ya Delta Katika Kifausi

Kabla ya 1784: Nyota isiyo na jina

Katikati ya mwezi wa Oktoba, yapata saa tatu za usiku, mtu asimamaye katika ufuo wa Mombasa au wa Unguja akaelekea kaskazini ataona, si juu sana ya upeo wa macho, kundi la nyota hafifu ambalo halina hata moja ya kumvuta asiyelijua. Kundi hilo ni Kifausi, jina lililotufikia kwa njia ya Waarabu, nao walilipokea kwa Wayunani, ambao katika hadithi zao walimtaja kuwa mfalme wa Ethiopia, mume wa Kassiopeia na babaye Andromeda. Nyota yake kubwa huitwa na watu wa Ulaya Alderamin, na ajuaye Kiarabu hatakosa kusikia ndani ya neno hilo al-dhiraa al-yamin, yaani mkono wa kuume. Lakini dhiraa, kama wajuavyo mafundi wetu wa nguo na wa nyumba, ni kipimo pia, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Na ajabu ya tarehe hii ni kwamba nyota iliyopewa jina la dhiraa haikupata kupimia kitu, ilhali jirani yake mnyonge, asiye na jina lolote ila herufi, ndiye aliyekuja kuwa dhiraa ya mbingu nzima.

Claudius Ptolemy wa Iskandaria, katika karne ya pili baada ya kuzaliwa Masihi, alilitia kundi hili katika orodha yake ya makundi 48. Abd al-Rahman al-Sufi wa Isfahani akaisahihisha orodha hiyo mnamo 964, akipima tena kwa macho yake mng'ao wa nyota moja moja. Na mwaka 1603 Johann Bayer wa Augsburg akazigawia nyota herufi za Kiyunani, ndipo hii yetu ikapata herufi ya nne, Delta. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyeandika kwamba inabadilika. Watu hao hawakuwa wavivu wala wajinga. Kizuizi kilikuwa katika itikadi iliyorithiwa tangu Aristotle, ya kwamba mbingu za juu hazina ziada wala pungufu. Na mtu aliyekwisha kuyakini kwamba kitu hakibadiliki hana haja ya kukitazama mara ya pili. Fauka ya hayo, mabadiliko yenyewe ni ya siri, maana nyota hii katika ukamilifu wake hung'aa zaidi kidogo ya mara mbili ya ilivyo katika upungufu wake, na safari yote ya kushuka na kupanda huimaliza katika siku tano na saa chache.

Itikadi hiyo ilikuwa imekwisha kupata ufa mwaka 1596, wakati mchungaji David Fabricius alipoona nyota moja katika kundi la Nyangumi iking'aa, kisha ikatoweka. Hata hivyo karibu karne mbili zilipita, na nyota zilizojulikana kuwa na tabia hiyo ya kugeuka zilikuwa bado chache mno.

1781–1786: Watu wawili wa York

Katika mwaka wa 1781 walikutana katika mji wa York, Uingereza, watu wawili waliokuwa na udugu wa mbali. Mmoja, Edward Pigott, alikuwa mwana wa Nathaniel Pigott, tajiri aliyependa elimu ya falaki na aliyekuwa na vyombo vizuri vya kuchungulia nyota. Wa pili, John Goodricke, alikuwa kijana wa miaka 17, mzaliwa wa Groningen katika Uholanzi, ambaye maradhi ya utotoni yalimwondolea kusikia. Katika zama zile ambapo kiziwi aghalabu alihesabiwa kuwa mtu asiyefundishika, wazazi wake walimpeleka Edinburgh katika shule ya Thomas Braidwood, aliyekuwa akiwafundisha viziwi kusoma na kunena, na kutoka huko akaingia chuo cha Warrington, akatokea kuwa hodari wa hesabu. Pigott ndiye aliyemwelekeza kwenye nyota zenye kushukiwa kubadilika. Na kazi hiyo ilimfaa, kwa kuwa haitaki sauti, bali jicho lisilochoka na daftari linaloandikwa kila usiku.

Usiku wa 12 Novemba 1782 Goodricke aliona nyota iitwayo na mabaharia Rasi ya Ghuli ikififia mbele ya macho yake. Akaifuatia miezi mingi, akathibitisha kwamba hurudia kufifia kwa nidhamu, kila baada ya muda uliopungua kidogo siku tatu, na akatoa rai kwamba huenda mwili wa giza unaizunguka na kupita mbele yake kama mwezi upitavyo mbele ya jua. Royal Society ya London ilimtunuku Nishani ya Copley ya 1783, hali hajatimiza miaka 20.

Tarehe 10 Septemba 1784 Pigott aligundua kwamba nyota ya Eta katika kundi la Ukabu hubadilika, na usiku ule ule Goodricke akaitambua Beta ya Shaliaki. Mwezi uliofuata Goodricke akaanza kuishuku Delta ya Kifausi. Njia yake haikuwa na ufundi wa kuficha: karibu na Delta ziko nyota mbili zisizobadilika, Zeta na Epsiloni, nazo pamoja na Delta hufanya pembe tatu ndogo; kila usiku ulio wazi aliilinganisha Delta na mashahidi wake hao, akaona kwamba zipo siku ambapo inakaribia kulingana na Zeta, na zipo siku ambapo inazidiwa hata na Epsiloni. Katika barua yake ya Juni 1785 kwa Nevil Maskelyne, mwanafalaki wa mfalme, alitaja muda wa duru moja kuwa siku 5, saa 8 na dakika 37 na nusu. Akaona pia jambo ambalo lingewahangaisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja: nyota hupanda kwa haraka na kushuka kwa utaratibu. Mwili wa giza upitao mbele ya nyota huifunika na kuifunua kwa mwendo mmoja. Basi hoja iliyotosha kwa Rasi ya Ghuli haikuweza kutosha hapa.

Tarehe 16 Aprili 1786 Royal Society ilimchagua kuwa mwanachama wake. Siku nne baadaye alifariki dunia, umri wake miaka 21.

1786–1908: Karne ya subira

Kwa miaka mingi baada yake nyota hii ilihesabiwa bila kueleweka. Friedrich Argelander wa Bonn, katika miaka ya 1840, aliwahimiza watu wa kawaida wenye macho mazuri wazitazame nyota zigeukazo, akawawekea kanuni ya kulinganisha ngazi kwa ngazi, na hivyo daftari zikaongezeka. Lakini daftari ni hesabu tu, haijibu swali la kwa nini.

Jibu la kwanza lilipotokea lilikuwa jibu la makosa. Kufikia mwisho wa karne ya kumi na tisa wataalamu walikuwa wameweza kuipasua nuru ya nyota katika rangi zake, na kwa kuangalia mistari myeusi iliyomo katika rangi hizo waliweza kujua kama nyota inatujia au inatukimbia. Aristarkh Belopolsky, katika kituo cha Pulkovo huko Urusi, aliigundua mwaka 1894 mistari ya Delta ikienda na kurudi katika muda ule ule wa siku tano na saa nane. Basi, wakasema, nyota hii ina mwenzi asiyeonekana, nayo huzungukana naye. Rai hiyo ilikubaliwa kwa miaka ishirini, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ilifanana na jambo lililokwisha kujulikana.

Wakati huo nyota nyingine nyingi zenye tabia ya kupanda upesi na kushuka polepole zilikuwa zimekwisha kupatikana, zikaitwa kwa jumla Sefeidi, yaani wenzake wa Delta ya Kifausi, ingawa kwa haki ya kutangulia jina hilo lingestahili kutoka kwa Eta ya Ukabu, aliyoiona Pigott majuma machache kabla.

1908–1912: Taa katika wingu moja

Mtu wa pili wa kutajwa katika tarehe hii naye alikuwa amepungukiwa na kusikia. Henrietta Swan Leavitt, mzaliwa wa Lancaster, Massachusetts, mwaka 1868, alikuwa mmoja wa wanawake walioajiriwa na Edward Pickering katika kituo cha falaki cha Harvard kuhesabu na kupima nyota zilizopigwa picha juu ya vioo. Ujira wake ulikuwa senti 30 za dola kwa saa. Darubini zilikuwa za wanaume, na vioo vilikuwa vya wanawake. Vioo alivyokabidhiwa vilitoka Arequipa katika Peru, ambako Harvard ilikuwa na kituo cha kutazama mbingu za kusini, navyo vilikuwa na picha za Mawingu ya Magellan, yale madoa mawili meupe ambayo hata sisi wa pwani hii huyaona chini katika upande wa kusini.

Mwaka 1908 alichapisha orodha ya nyota badilifu 1,777 zilizomo katika mawingu hayo, na kwa 16 kati yake, ambazo alikuwa amekwisha kupata muda wa duru zake, akatia neno fupi la kwamba zile zenye mng'ao zaidi ndizo zenye duru ndefu zaidi. Mwaka 1912 zilifika 25, zote za Wingu Dogo, na sasa shaka ilikuwa imeondoka: ukizipanga kwa muda wa duru, mng'ao wake hupanda kwa mstari ulionyoka. Taarifa hiyo ilitoka chini ya sahihi ya Pickering, ikitaja katika mwanzo wake kwamba imetayarishwa na Bibi Leavitt.

Ili kuielewa thamani ya mstari huo, na tufikiri juu ya karabai za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Mtu aliye pwani akiona taa mbili, moja kali na moja hafifu, hawezi kujua kama ile hafifu ni taa ndogo iliyo karibu au taa kubwa iliyo mbali. Ndivyo ilivyokuwa kwa nyota tangu dunia ianze kutazama juu. Lakini akijua kwamba mashua zote ziko katika mwamba mmoja wa mbali, tofauti ya nuru ni tofauti ya taa zenyewe, wala si ya masafa. Wingu Dogo lilikuwa ndio mwamba huo. Leavitt alipata kujua kwamba muda wa duru ndio alama iliyopigwa ubavuni mwa taa kuonyesha nguvu zake. Na mtu aliyeisoma alama, kisha akaona taa inavyofifia machoni pake, hujua umbali wake, popote ilipo. Ila jambo moja lilikosekana: alama hizo zilionyesha taa ipi ni kubwa kuliko ipi, hazikuonyesha hata moja ina nguvu kiasi gani kwa hakika. Dhiraa ilikwisha kuchongwa, bali haijatiwa urefu.

1913–1925: Dhiraa inapotumika

Aliyejaribu kwanza kuitia urefu ni Ejnar Hertzsprung wa Denmark, ambaye mwaka 1913 alitumia mwendo wa Sefeidi 13 za karibu kukisia umbali wake. Hesabu yake ilipasa kutoa takriban miaka ya nuru 30,000 kufika Wingu Dogo, lakini katika uchapaji ilitoka 3,000, na kosa la sifuri moja likasafiri pamoja na makala yake. Harlow Shapley, katika kilima cha Mount Wilson huko California, akaichukua dhiraa hiyo akaisahihisha kwa namna yake, akapima kwayo mikusanyo ya nyota, na mwaka 1918 akatangaza kwamba Njia Nyeupe ina upana wa miaka ya nuru 300,000, na kwamba jua letu haliko katika kitovu chake bali liko mbali ukingoni. Upana huo alizidisha mno. Kuhusu mahali pa jua alisema kweli, na hivyo mwanadamu akahamishwa mara ya pili, baada ya Copernicus kumwondoa katikati ya sayari.

Shapley aliamini kwamba Njia Nyeupe ndiyo ulimwengu wote, na kwamba yale madoa ya mviringo kama la Andromeda ni mawingu madogo yaliyomo ndani yake. Katika Aprili 1920 walihojiana naye Heber Curtis mjini Washington, Curtis akishikilia kwamba madoa hayo ni visiwa vya nyota vilivyo mbali sana. Mahojiano hayakumaliza jambo, kwa sababu hoja za pande zote mbili zilikuwa nyingi na dhiraa haikuwa imefika huko.

Ikafika katika usiku wa kuamkia 6 Oktoba 1923. Edwin Hubble, akitumia darubini kubwa ya Mount Wilson yenye kioo cha inchi 100, alipiga picha ya Andromeda, akaona nukta tatu mpya, akazitia kila moja herufi N akidhani ni nyota zilizolipuka. Alipolinganisha na vioo vya zamani aliona kwamba moja ya hizo imekuwako miaka yote, ikipungua na kuongezeka. Akaikata herufi ile, akaandika kwa ufupi kwamba ni badilifu. Duru yake ilikuwa siku 31 na saa chache, nayo ilikuwa Sefeidi. Kwa kanuni ya Leavitt umbali ulitoka takriban miaka ya nuru 900,000, mara tatu ya ulimwengu mzima wa Shapley. Habari hiyo ilisomwa mbele ya wanafalaki wa Marekani tarehe 1 Januari 1925, na tangu siku ile Njia Nyeupe ikawa kisiwa kimoja katika bahari ya visiwa.

Leavitt hakuishi kuyasikia hayo. Alifariki Desemba 1921 kwa saratani. Mwaka 1925 Gösta Mittag-Leffler, mwanahesabu wa Sweden, alimwandikia barua akikusudia kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua ilipofika, mwenyewe alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka mitatu.

1914–1962: Kwa nini nyota hupumua

Wakati dhiraa ikitumika, fundi wake alikuwa bado hajajulikana. Mwaka 1914 Shapley alionyesha kwamba rai ya mwenzi asiyeonekana haiwezekani, kwa kuwa nyota hizi ni majitu, na duru aliyodaiwa kufuata mwenzi huyo ingempitisha ndani ya mwili wa nyota yenyewe. Iliyobaki ni kwamba nyota yenyewe hutanuka na kunywea. Delta ni jitu kuu: kipenyo chake hupita cha jua zaidi ya mara 40, na nuru yake hukadiriwa kuwa mara 2,000 za nuru ya jua. Arthur Eddington wa Cambridge akaitengenezea rai hiyo hesabu zake, na kwa hesabu hizo ikafahamika kwa nini duru ndefu huambatana na nuru nyingi. Ni kama ngoma zetu, ambapo msondo hutetema kwa utulivu na kutoa sauti nzito, na chapuo hutetema upesi na kutoa sauti nyembamba.

Lakini ngoma isiyopigwa hunyamaza. Ni mkono gani unaoipiga nyota? Jibu alilitoa Mrusi Sergei Zhevakin katika 1953, na wengine wakalikamilisha kufikia 1962. Chini kidogo ya uso wa nyota limo tabaka la heli ambalo, likibanwa, huzuia joto lisipite, kama kifuniko juu ya sufuria iliyo motoni; joto hujaa, hulisukuma tabaka nje, nyota hutanuka; ikitanuka tabaka hulegea, joto hutoroka, na uzito wa nyota huirudisha ndani, kifuniko kikafungwa tena. Duru moja ya Delta, ile aliyoihesabu Goodricke kwa macho, ni kuinuka na kushuka kwa kifuniko hicho mara moja.

1952: Dhiraa yapatikana fupi

Wakati wa vita vya pili vya dunia Walter Baade, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Mount Wilson, hakuruhusiwa kuingia katika kazi za vita kwa ajili ya uraia wake, akaachiwa darubini. Na kwa kuwa taa za Los Angeles zilipunguzwa kwa hofu ya adui, akapata giza ambalo kituo kile hakijapata kuliona kwa miaka mingi. Katika giza hilo alizitenga nyota za Andromeda katika jamaa mbili, za ujana na za uzee, na baadaye akatambua kwamba Sefeidi nazo zina jamaa mbili, na kwamba za ujana zina nguvu zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1952 alitangaza jambo hilo mjini Rome, na A. D. Thackeray, kwa kazi iliyofanywa Pretoria katika Afrika ya Kusini, akalithibitisha. Umbali wa galaksi zote, yaani vile visiwa vya nyota, ukawa takriban mara mbili kwa siku moja. Ikaondoka pia fedheha kubwa, maana kwa dhiraa fupi ya Hubble, aliyetangaza 1929 kwamba galaksi zinakimbiana, ulimwengu ulitoka na umri wa miaka milioni elfu mbili hivi, nao ni mdogo kuliko umri wa mawe ya dunia hii.

Tangu 1989: Jitu na mwenzake

Setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa 1989, ilianza kupima umbali wa Sefeidi za karibu bila kukisia, na mwaka 2002 vyombo vya darubini iliyo angani, iliyopewa jina la Hubble, viliutoa umbali wa Delta yenyewe kuwa takriban miaka ya nuru 890. Hivyo nyota iliyozipa nyingine jina ikawa miongoni mwa zile zinazozipa kipimo. Ubishi haujaisha: kasi ya kutanuka kwa ulimwengu ipimwayo kwa Sefeidi hutoka karibu 73 katika kipimo cha wataalamu, na ile itolewayo kwa mwanga wa awali wa ulimwengu hutoka karibu 67, na hakuna aliyekwisha kuonyesha kosa liko upande gani.

Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba Delta anaye kweli mwenzi anayemzunguka kwa karibu. Siye yule aliyedhaniwa baada ya kazi ya Belopolsky, wala si sababu ya kubadilika kwake. Lakini mwenye kuandika tarehe hana budi kumtaja, ili rai iliyotupwa ipate walau sehemu ya haki yake.

Duru ya Delta leo huhesabiwa kuwa siku 5, saa 8 na dakika 47 na kitu. Goodricke alikosea kwa dakika kumi. Wala hesabu zake hazikutiwa kabatini. Nyota hii inazeeka, na kwa kadiri inavyozeeka duru yake hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kila mwaka, badiliko dogo mno kwa umri wa mtu mmoja kulishika. Hushikwa kwa kuungana umri wa watu wengi, na daftari ya kwanza katika silsila hiyo, ambayo wataalamu wa karne hii bado wanaifungua wakitaka kujua nyota hii inakwendaje, ni ile ya kijana kiziwi wa York.